Tusiisifu wala Kuilaani Contra Peke Yake

Tangu ule mjadala wa Chama cha Kiswahili wa muhula wa pili, uliokuwa na mada "Gemu za vidio zina madhara kuliko manufaa", maneno hayajaisha. Mabwenini ni hayo hayo, kwenye foleni ya chakula ni hayo hayo. Waliounga mkono mada walishinda kwa kura nyingi, nami sina kinyongo nao hata kidogo. Walijitayarisha, na yule dada wa Kidato cha Nne aliyefunga hoja anajua kuzungumza, wacha mchezo. Lakini matokeo ya kura ile ni kwamba pendekezo letu la kuleta mashine moja kuukuu ya gemu katika chumba cha chama, Jumamosi ya mwisho wa muhula, liliwekwa kando kana kwamba tulikuwa tumeomba kuleta pombe.

Nimeomba nafasi hii jaridani si kwa sababu ya kulia ngoa. Ninalotaka kusema ni kwamba siku ile pande zote mbili zilizungumza juu ya kitu ambacho hazikijui. Waliopinga mada walisema Contra inafundisha ushirikiano. Waliounga mkono wakasema Contra inafundisha kuua. Huku Contra, huku Contra, na kidogo Mario kama chumvi. Ilikuwa kama kusikiliza watu wakibishana juu ya mapishi ya Kenya nzima, na wote wamewahi kula chipsi tu. Hakuna aliyetaja gemu hata moja kati ya zile nyingine ambazo zimelala ndani ya kaseti hizo hizo miaka nenda miaka rudi. Mimi nimezicheza. Wacha niwaambie.

Mashine yenyewe kwanza, maana wengi wenu mmezaliwa mkakuta simu. Nyumbani kwetu ni Mountain View, hapo kando ya Waiyaki Way ukishapita Kangemi. (Jina lisikudanganye, mlima wenyewe mimi sijawahi kuuona kutoka kwetu.) Mashine hiyo ilinunuliwa na mjomba wangu katika mtaa wa Luthuli akiwa bado mwanafunzi, pamoja na kaseti nne za manjano, padi mbili na bunduki ya plastiki. Likizo ya Agosti Mama alikuwa ameshaiweka katika gunia la mtu wa vyuma vikuukuu, pamoja na pasi mbovu na redio iliyonyamaza zamani. Mjomba alipopigiwa simu alisema tu, "Usiitupe, dada. Mpe huyo mtoto aione." Basi nikapewa.

Kusema kweli si mashine halisi. Mashine halisi iliitwa Famicom, na kampuni ya Nintendo iliitoa huko Japani tarehe 15 Julai 1983, mwaka ule ule ambao Sarit Centre ilifunguliwa hapo Westlands. Aliyeongoza kuiunda ni mhandisi Masayuki Uemura. Ilipofika Marekani mwaka 1985 ikabadilishwa umbo na kuitwa NES, na kwa jumla, Famicom na NES, ziliuzwa zaidi ya milioni 61. Hizi zetu ni nakala zilizotengenezwa Asia bila ya kumwomba Nintendo ruhusa, na ambazo zilijaa maduka ya Nairobi kwa sababu bei yake mzazi wa kawaida angeiweza. Sitetei wizi. Ninasema tu kwamba bila ya nakala hizo, watoto wa Kangemi, Uthiru na Mountain View wasingejua kama Mario ni mtu au ni aina ya sabuni.

Hata kaseti zenyewe zilikuwa na uongo mwingi. Kibandiko cha moja ya zile nne kinadai kuna gemu 9999 ndani. Nilikaa nikazihesabu, kwa sababu sina aibu na likizo ilikuwa ndefu. Ni 42. Zinazofuata ni zile zile zikianzia hatua ya pili, au ya tano, na jina limebadilishwa kidogo ili mnunuzi asishtuke. Lakini 42 si kidogo! Ukikumbuka kwamba mashine yenyewe ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi, na kwamba gemu nzima ya Super Mario Bros., ile ya mwaka 1985 yenye hatua 32, inaenea katika kilobaiti 40, unabaki kinywa wazi. Picha moja ya sherehe ya kuzaliwa unayomtumia mwenzako kwa WhatsApp inapita hiyo mara kadhaa.

Sasa swali lililonisumbua ni hili. Ikiwa kaseti ina gemu 42, kwa nini mjomba na rika lake lote wanakumbuka tano au sita? Ukimwuliza mtu yeyote wa umri wake, awe wa Mountain View au wa Buruburu, atakutajia Contra, Mario, Duck Hunt, ile ya vifaru, labda ile ya simba anayeruka pete za moto. Kisha ananyamaza. Nilimwuliza mjomba, na majibu yake yalinifungua macho kuliko hoja zote za ule mjadala.

Sababu kubwa, alisema, ilikuwa foleni. Nyumba iliyokuwa na mashine ilikuwa moja, watoto wa ploti walikuwa kumi na wawili, na sheria ilikuwa moja tu: ukifa, unampa mwenzako padi. Sasa fikiria. Katika sheria kama hiyo, gemu nzuri ni ile inayoua haraka. Mchezaji anaingia, anapigwa risasi, anatoka, foleni inasonga, kila mtu ana raha. Gemu inayomtaka mtu akae afikiri dakika kumi kabla ya kusogeza hatua ilikuwa adui wa watu. Mtu akiichagua, foleni nzima inampigia kelele, "Toa hiyo bana! Weka Contra!" Kwa hiyo si kwamba Contra ilishinda kwa uzuri. Ilishinda kwa sababu watoto walikuwa wengi na padi zilikuwa mbili.

Halafu kulikuwa na stima. Kaseti hizi hazihifadhi chochote. Ukifika hatua ya 40 na stima ipotee, kesho unaanza hatua ya kwanza kama mtu asiyewahi kuishi. Mjomba anakumbuka ule mgao wa umeme wa mwaka 2000, kiangazi kilipokausha mabwawa, watu wakawa wanapata stima kwa zamu. Nani angethubutu kuanza gemu ndefu wakati huo?

Na runinga zenyewe. Nyingi zilikuwa Great Wall ndogo, nyeusi na nyeupe. Hili ni jambo dogo lakini liliiua gemu moja nzuri sana, Road Fighter ya Konami. Ndani yake unaendesha gari jekundu kutoka chini ya kioo kwenda juu, mwendo unaweza kufika kilomita 400 kwa saa, na mafuta yanaisha huku ukiyaona. Ujanja ni kwamba kuna magari ya rangi nyingi ambayo ukiyagusa yanakuongezea mafuta, na mengine ukiyagusa unateleza na kupinduka. Kwenye runinga isiyo na rangi, gari la mafuta na gari la ajali ni ndugu mapacha. Mjomba aliniambia hadi leo yeye alidhani gemu ile haiwezekani kumalizika, ati ni ya kuhuzunisha watu. Nilipomwonyesha kwenye runinga yetu ya sasa alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe."

Ya mwisho ni maandishi. Nyingi zilitoka Japani, mwongozo haukuwepo, na hata jina mara nyingine lilikuwa la kubahatisha. Mtoto alibonyeza kila kitufe, na asipoelewa katika dakika mbili, alihama. Hivyo ndivyo gemu nzuri zilivyofunikwa. Usidharau dafu kwa embe la msimu, walisema wahenga, na hapa embe lilikuwa na bunduki.

Basi niwatajie dafu zangu. Sitazitaja zote, maana nyingine, kweli nawaambia, zilisahaulika kwa haki. Kuna moja inaitwa Urban Champion, ya mwaka 1984, ambapo wanaume wawili wanapigana ngumi mtaani na mara kwa mara mtu dirishani anaangusha chungu cha maua. Ni hivyo tu. Dakika tatu umeona kila kitu, na ya nne unaanza kumuunga mkono yule wa chungu.

Lakini Lode Runner! Gemu hii ilibuniwa na Mmarekani, Douglas Smith, ikatoka mwaka 1983 kwenye kompyuta, kisha kampuni ya Hudson Soft ya Japani ikaileta kwenye Famicom mwaka 1984. Wewe ni mtu mdogo unayetafuta vipande vya dhahabu katika jengo lenye ngazi na kamba, na walinzi wanakufuata. Huna bunduki. Huwezi hata kuruka. Unachoweza ni kuchimba shimo moja, kushoto au kulia, mlinzi atumbukie, nawe upite juu ya kichwa chake kabla shimo halijajifunga. Ukichimba vibaya unajifungia mwenyewe, na hakuna wa kukutoa. Hatua ni 50. Mimi nilikwama kwenye moja siku mbili nzima. Siku ya tatu nikachukua karatasi ya grafu, nikachora ngazi na kamba zote, nikaona kwamba dhahabu ya juu kabisa lazima ichukuliwe kwanza ingawa iko mbali. Mama alipita akaniona na penseli mbele ya runinga, akaniuliza kama ni kazi ya likizo. Nilimjibu kwamba ni kama kazi ya likizo.

Na hapa kuna siri ambayo wengi walioicheza Bomberman hawaijui, kwa sababu hawakufika mwisho. Bomberman ile ya kwanza ya Famicom, ya mwaka 1985, nayo ina hatua 50. Ukizimaliza zote, yule roboti anageuka kuwa binadamu, na maandishi yanakuambia mtaonana tena katika Lode Runner. Yaani roboti anayetega mabomu katika gemu moja ndiye mtu anayekimbia katika nyingine! Hudson walitumia umbo la mlinzi wa Lode Runner kumtengeneza Bomberman, kisha wakabuni hadithi ya kuyaunganisha. Hadithi hiyo ilikuwa ndani ya kaseti za nyumba nyingi za Nairobi, na kwa sababu ya foleni na stima sijui ni wangapi walioisoma.

Ninayoipenda kuliko zote ni Binary Land, nayo ni ya Hudson, ya mwaka 1985. Hii nitakaa nayo kidogo, mniwie radhi. Kuna pengwini wawili, Gurin na Malon, mmoja upande huu wa ukuta na mwingine upande ule. Wanapendana, na juu kabisa ya kioo kuna moyo uliofungiwa. Wanatakiwa wafike kwenye moyo huo kwa wakati mmoja, mmoja kushoto na mwingine kulia. Lakini padi ni moja. Ukibonyeza kulia, mmoja anakwenda kulia na mwenzake anakwenda kushoto. Ukibonyeza juu, wote wanapanda, isipokuwa mmoja amezuiwa na ukuta, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu sasa hawako sawa tena na kila hatua unayomsaidia huyu unamwumiza yule. Kuna buibui na tando zao. Mmoja akinaswa katika utando, hawezi kujitoa; mwenzake lazima aje amnyunyizie dawa atoke.

Hesabu hizi za uakisi tulizofundishwa Kidato cha Pili, za kitu na taswira yake na mstari wa kioo katikati, mimi nilizipita kwa kukariri. Sikuwa nimeziona. Baada ya wiki moja na wale pengwini naweza kufunga macho nikakuambia nukta itaangukia wapi. Simwambii mwalimu wa Hisabati aache chaki ashike padi, la hasha. Ninasema tu ukweli wa yaliyonipata.

Jambo jingine juu ya Binary Land ni kwamba ndugu yangu mdogo, wa Gredi ya Tano, ambaye kwa kawaida hawezi kukaa dakika kumi bila ya kudai simu, hukaa kando yangu na kupiga kelele, "Mwangalie wa pinki! Wa pinki ameachwa!" Mmoja anaangalia upande wa kushoto, mwingine wa kulia. Gemu ya mtu mmoja imekuwa ya watu wawili bila hata ya padi ya pili. Wale waliosema mjadalani kwamba gemu humtenga mtoto na jamaa zake, ningependa waje waketi kwenye kochi letu.

Kuna na pengwini mwingine, wa Antarctic Adventure ya Konami. Huyu anakimbia barafuni kutoka kituo kimoja cha utafiti hadi kingine, anakwepa nyufa na sili wanaochomoza, anashika samaki. Akifika, bendera ya nchi yenye kituo inapandishwa: Australia, Ufaransa, Marekani, Argentina, Uingereza, Japani. Jambo ambalo lingewashangaza washindi wetu wa mjadala ni kwamba katika gemu hii hakuna anayekufa. Hakuna hata mmoja! Ukijikwaa unachelewa tu, na adui wa pekee ni saa. Ni rahisi mno kwa mtu wa Kidato cha Tatu, nakubali, na muziki wake unarudia hadi unauota usiku. Lakini mtoto wa darasa la chini anajifunza bendera bila ya kulia.

Juu ya vifaru nitasema neno moja tu. Kila mtu anaijua Battle City ya Namco, ya mwaka 1985, ambayo kwenye kaseti nyingine imeandikwa Tank 1990. Hatua 35, vifaru ishirini vya adui kila hatua, na ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya anaganda kwa muda huku ngome inabomolewa. Vita vingapi vya kweli vimeanzia hapo! Lakini ni wangapi waliochagua lile neno la tatu kwenye orodha, la ujenzi? Pale unachora uwanja wako mwenyewe: matofali huku, maji huku, misitu ya kujificha kule. Mimi nilichora soko la Kangemi na barabara yake, nikaweka maji pale ambapo mvua ikinyesha huwa ni maji kweli. Ukizima mashine uwanja unapotea, ndiyo. Lakini ni tofauti kubwa kati ya mtu anayecheza katika uwanja wa wengine na mtu anayejenga wake, hata kwa saa moja. Nchi yetu ina watu waliovuka mstari huo. Wesley Kirinya na wenzake walitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007 hapa Kenya, na Andrew Kaggia akatoa Nairobi X mwaka 2015. Hawa lazima walianza mahali fulani.

Duck Hunt nayo, ambayo mnadhani mnaijua, ina mlango wa nyuma. Katika ule mchezo wa bata mmoja, mtu wa pili akishika padi anaweza kumwendesha bata! Mjomba alipigwa na butwaa: miaka yote ile watu kumi wakingoja zamu, na mmoja wao angeweza kuwa bata. Bunduki yake ina akili ya ajabu. Ukivuta kifyatulio, kioo chote kinakuwa cheusi kwa nukta ndogo ya wakati, kisha mahali alipo bata panawaka mraba mweupe. Bunduki haitoi kitu. Ina jicho, na jicho hilo likiona weupe, umepiga. Kwa bahati mbaya jicho hilo lilitengenezwa kwa runinga za zamani zenye kisogo kinene. Kwenye hizi bapa picha inachelewa, na bata hafi hata ukiweka bunduki juu ya kioo.

Sasa nirudi kwa wapinzani wangu, maana nisije nikaonekana ninakimbia hoja. Hoja yao yenye uzito haikuwa ya kuua. Ilikuwa ya pesa na wakati, na hapo nawaheshimu. Ni kweli kuna mabanda ya gemu ambapo mechi moja ni shilingi 20, na kuna mwanafunzi ninayemfahamu mtaani ambaye nauli yake ya wiki iliishia huko, akawa anatembea kwa miguu hadi shuleni huku akimwambia mama yake kwamba matatu ilichelewa. Ni kweli gemu nyingi za simu ni za bure mlangoni tu. Ukishaingia kila kona kuna mkono umenyooshwa. Na kuna jambo baya zaidi. Kamari imevaa nguo za gemu. Zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizokuwa zimejaa vibandani, serikali ilizisaka na kuteketeza nyingi mwaka 2018. Zikahamia kwenye simu. Hali ilifika hadi Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mtoto anaona kindege kinapaa, rangi, muziki, anaona ni gemu. Si gemu. Ni mfuko wa baba yake unaopaa.

Ndiyo maana nasema tuijue tofauti. Mashine ya mjomba ilinunuliwa mara moja, na tangu siku hiyo haijamwomba mtu yeyote shilingi. Haina matangazo. Haijui jina langu wala ninakaa wapi. Ukiimaliza hatua, umeimaliza kwa mikono na akili yako, na ukishindwa, hakuna cha kununua ili upite. Mtu ataniambia Contra yenyewe ilizaliwa mwaka 1987 ikiwa mashine ya kutumbukiza sarafu, na ndiyo sababu inaua haraka vile, ili utoe sarafu nyingine. Ni kweli kabisa, na ni sababu moja zaidi ya kumgeukia pengwini.

Isitoshe, sijawahi kumsikia mtu akipitisha hoja dhidi ya bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wa pwani hulicheza hadi adhana. Watu wa Nyanza wana ajua yao. Hapo Kangemi mafundi hucheza drafti kwa vifuniko vya soda saa nzima wakingoja wateja, na hakuna anayewaambia wamepotea. Tunasema ni mchezo wa akili. Basi Lode Runner ni mchezo wa nini? Wa magoti?

Pendekezo langu kwa chama, na kwa Mwalimu mlezi ambaye najua ataisoma hii akiwa na kalamu nyekundu, si kwamba tulete mashine tu tucheze. Tuandike mwongozo. Kaseti hizi zilikuja bila ya mwongozo katika lugha yoyote, na hilo ndilo lililowafanya watu waliotutangulia wapite juu ya dhahabu kama walinzi wa Lode Runner. Chama chetu kina waandishi. Kila wanachama wawili wachukue gemu moja, waicheze, kisha waandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili: lengo ni nini, kitufe gani kinafanya nini, mtego uko wapi. Kazi ya lugha ipo ya kutosha. Je, tuseme "hatua" au "steji"? Yule mwenye nafasi tatu za kufa tuseme ana "maisha matatu", kama tunavyosema mtaani, au ana "uhai" mara tatu? Mimi na ndugu yangu tumebishana juu ya "pengwini" na "ngwini" ya kamusi, na yeye, wa Gredi ya Tano, ndiye aliyeshikilia kamusi. Kwa Binary Land tayari tumeandika hivi: "Usimpende mmoja. Ukimwangalia wa kushoto tu, wa kulia atanaswa. Kabla ya kupanda, hakikisha wote wawili wana njia." Mwandishi mwingine atafanya vizuri zaidi.

Masharti tuyakubali yote. Saa mbili tu, Jumamosi ya mwisho baada ya usafi, mtihani ukiwa umekwisha. Asiyeandika ukurasa hachezi. Bunduki ibaki nyumbani, maana runinga ya ukumbini ni bapa na bata watatucheka bure. Contra nayo tuilete, sikatai, lakini iwe ya mwisho na foleni ifuate sheria ya zamani.

Tatizo moja ndilo limebaki. Adapta ya mjomba ikikaa nusu saa huanza kunuka moshi, na fundi niliyempelekea alinishauri nisiichomeke tena karibu na pazia. Mwenye adapta kuukuu ya volti 9 nyumbani kwao, hata kama ni ya redio, tafadhali aangalie ncha yake kama ni ile nyembamba ya duara, anijulishe kabla shule haijafungwa. Ninapatikana Kidato cha Tatu, dawati la dirishani, nyuma kabisa.